Leza ya Mjomba

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na najua wengi wenu mlikuja hapa kutafuta sehemu ya tatu ya makala ya hifadhidata niliyoahidi. Itakuja. Leo nataka kuandika juu ya kitu kingine kabisa. Hakina hata mstari mmoja wa msimbo, lakini kimeninyima usingizi kuliko seva yoyote niliyowahi kuisimamia.

Mambo yalianza na simu ya Mjomba. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Thika: saruji, mabati, misumari, rangi. Mwaka 2016 alivamiwa kwenye geti lake mwenyewe, saa mbili usiku, akisubiri kufunguliwa. Walichukua mauzo ya siku na simu, wakamwachia kovu juu ya jicho la kushoto. Baada ya hapo aliomba cheti cha kumiliki silaha, akachunguzwa, akasubiri, akapewa. Desemba 2018 serikali ilipoamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, alijipanga kama wengine na akapita. Kwa hiyo tuelewane tangu mwanzo: hii ni bastola halali, na mimi mwenyewe sina cheti wala sijawahi kukitaka. Niliingizwa kwenye habari hii kwa sababu moja tu, kwamba katika ukoo wetu kitu chochote chenye betri ni kazi yangu.

"Mjomba," akaniambia (sisi huitana Mjomba pande zote mbili), "nitafutie ile ya taa nyekundu. Ile ukimlenga mtu anaiona kifuani."

"Leza?"

"Hiyo hiyo. Mwizi akiiona anakimbia mwenyewe. Hata risasi sitapoteza."

Wazo hilo nilijua limetoka wapi. Filamu ya The Terminator ilitoka mwaka 1984, na tangu hapo dunia nzima inaamini kwamba nukta nyekundu kifuani ni sawa na hukumu. Kitu ambacho watazamaji hawakukiona ni kwamba leza ya siku zile ilikuwa ya gesi ya heli na neoni, yenye kula umeme mwingi, na waya wake ulipitishwa ndani ya koti la mwigizaji hadi kwenye betri. Leo kitu kilekile kinatosha kwenye kifaa kidogo kuliko kiberiti. Teknolojia imekua, wazo la Mjomba limebaki mwaka 1984.

Basi nikafanya kama ninavyofanya kazini mteja akiniletea jibu kabla ya swali. Nilifungua jedwali, nikaanza kusoma.

Bastola yake ni Ceska, CZ 75, muundo wa mwaka 1975 kutoka iliyokuwa Czechoslovakia. Kama Ceska nyingine za zamani, vilengeo vyake ni vya chuma tu: kinundu kimoja mbele, na nyuma kipande chenye pengo katikati. Unapanga kinundu ndani ya pengo, juu ziwe sawa, halafu unaweka kwenye shabaha. Walimu wa kulenga husema macho yakazie kinundu cha mbele, pengo na shabaha viachwe vififie kidogo. Hapo ndipo tatizo la kwanza la Mjomba lilipojitokeza. Ana miaka 58, na hawezi kusoma risiti bila miwani. Kinundu cha mbele, mkono ukiwa umenyooshwa, kiko kama sentimita 60 hadi 70 kutoka kwenye jicho. Nilipopima nikacheka, kwa sababu ndio umbali wa jicho langu na skrini. Kwa hiyo kuvaa ile miwani ya kusomea gazeti si dawa, maana hiyo imepimwa kwa umbali mfupi zaidi. Na mtu anayeamka usiku wa manane hatafuti miwani.

Suluhisho la kisasa ni kilengeo cha nukta nyekundu. Hiki si leza, ingawa watu wengi huchanganya. Hakirushi kitu kwa adui. Ni kioo kidogo juu ya bastola, na ndani yake LED inaakisiwa ili wewe peke yako uone nukta ikielea mbele kana kwamba iko mbali sana. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa cha kwanza cha kielektroniki mwaka 1975, mwaka uleule wa Ceska yetu, lakini miaka mingi ilipita kabla havijawa vidogo na imara kiasi cha kukaa juu ya bastola. Kwa macho ya umri wa Mjomba ni dawa nzuri, kwa kuwa unaangalia shabaha tu, nukta inakuja yenyewe. Shida ni kwamba sehemu ya juu ya bastola lazima ichongwe ili kikae. Kuchonga chuma cha silaha si kazi ya fundi wa kando ya barabara, na bei yake, nilipoipiga hesabu pamoja na usafirishaji, ilimfanya Mjomba aulize kama hicho kioo kinatoa pia maziwa.

Kuna pia vilengeo vya tritiamu. Hivi ndivyo vilivyonifurahisha kama mtu wa sayansi: vichupa vidogo vya gesi yenye mnunurisho hafifu, ambayo hung'arisha unga uliopakwa ndani ya kichupa. Hakuna betri, hakuna swichi, vinang'aa usiku na mchana bila kuombwa. Nusu-maisha ya tritiamu ni miaka 12 na kitu, kwa hiyo ukivinunua leo, baada ya miaka 12 mwanga umebaki nusu. Ningependa programu zangu zizeeke kwa heshima namna hiyo. Lakini tritiamu inakuonyesha bastola yako iko wapi gizani. Haikuonyeshi kilichoko mbele yake. Sentensi hiyo niliiandika kwenye jedwali langu kama maelezo ya safu, bila kuifikiria sana. Nilikuja kuifikiria baadaye.

Kisha leza yenyewe. Nyekundu au kijani? Jicho la binadamu mchana huona vizuri zaidi mwanga wa nanomita 555, ambao ni kijani-manjano. Leza nyekundu ya kawaida iko kwenye 650, kijani kwenye 532 au 520. Kwa nguvu ileile ya miliwati, kijani cha 532 huonekana na jicho kama mara 8 zaidi ya nyekundu ya 650. Ndiyo maana nyekundu hupotea kabisa kwenye jua la saa saba. Kijani cha 532 kwa kawaida hutengenezwa kwa njia ya mzunguko, kwa kuanza na mwanga usioonekana wa nanomita 1064 na kuukata urefu wa wimbi nusu kwa kutumia fuwele, kwa hiyo hula betri na huchukia baridi.

Halafu kuna jiometri. Leza hukaa chini ya mtutu, tuseme sentimita 4. Ukiirekebisha ikutane na njia ya risasi kwenye mita 7, basi kwenye mita 14 risasi itapita kama sentimita 4 chini ya nukta. Si kitu kikubwa, ila inaonyesha kwamba nukta haisemi ukweli mtupu. Inasema ukweli wa umbali mmoja.

Na Ceska ya Mjomba haina reli. Reli ni zile meno chini ya mtutu za kufungia taa au leza. Kipimo chake kiliandikwa na jeshi la Marekani mwaka 1995 kwa namba MIL-STD-1913, na kwa maoni yangu kimefanya kwa silaha kile USB ilichofanya kwa tarakilishi: mtengenezaji yeyote, kifaa chochote, vinashikana. Silaha ya zamani isiyo nayo ni kama kompyuta ya zamani yenye ile milango mipana ya printa. Kuna leza za kufunga kwenye mpini badala ya reli, na hiyo ndiyo niliyokuwa karibu kumpendekezea, baada ya kumwambia aulize kwanza kwa ofisa wa leseni kama inaruhusiwa. Jedwali lilikuwa limekamilika. Nilikuwa nimelileta Thika kwenye laptopu yangu, Ijumaa moja ya Aprili, nimwonyeshe kesho yake asubuhi baada ya chai.

Usiku huo stima ilipotea saa nne. Mvua ilinyesha, ikakatika. Saa nane na dakika arobaini simu yangu ikatetemeka: seva ya mteja wetu mmoja imejaa diski. Wanaofanya kazi hii wanajua hali hiyo. Nyumba ya Mjomba ni ya mawe na mtandao ndani ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilibeba laptopu, nikafungua komeo la mlango wa jikoni taratibu nisiwaamshe, nikaenda kukaa kwenye msingi wa tangi la maji. Mbwa wakaja, wakaninusa, wakalala miguuni pangu. Mwenzangu alikuwa kwenye laini, nami nilikuwa na kisikilizio kimoja sikioni. Faili za kumbukumbu zilikuwa zimemeza gigabaiti 40. Tulizifuta, tukawasha huduma, tukahakikisha. Dakika 35 hivi.

Nikafunga laptopu, nikaiweka kwapani, nikarudi ndani. Mwenzangu alikuwa bado anaongea sikioni. Macho yangu yalikuwa yamekaa mbele ya skrini kwenye giza, kwa hiyo sikuona chochote. Jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza vizuri, na skrini huifuta hiyo nusu saa kwa sekunde chache. Nilipapasa meza, nikapita kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea sebuleni.

Nikasikia, "Nani hapo?" na kwa namna ile sauti ilivyotoka nikajua haikuwa mara ya kwanza kuulizwa.

"Ni mimi, Mjomba."

Kimya. Halafu nikasikia pumzi ikitoka kwake, ndefu, kama tairi linalotolewa upepo. Anti alitokea nyuma yake na mshumaa, na ndipo nilipomwona: fulana, kikoi, miguu mitupu, na bastola mkono wa kulia, mdomo umeelekea sakafuni. Anasema kidole hakikuwa kwenye kifyatulio. Namwamini. Nilikuwa mita 5 kutoka kwake.

Hakuna aliyerudi kulala. Anti aliwasha gesi, akachemsha chai ya tangawizi kali. Mjomba alitoa chombo cha risasi, akavuta sehemu ya juu, akaitoa ile moja iliyokuwa ndani, akaangalia, akaangalia tena kwa kidole, akaiweka bastola mezani mdomo ukitazama ukuta. Risasi ile moja ilijiviringisha kidogo karibu na sukari, na sote tukaitazama mpaka ikatulia.

"Nilisikia komeo," akasema. "Nikangoja mbwa wabweke. Hawakubweka. Nikajua wamelishwa sumu."

Hivyo ndivyo wezi wanavyofanya huko. Mbwa walinyamaza kwa sababu wananijua, na kunyamaza kwao ndiko kulikoniweka hatarini. Aliita mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nikimsikiliza mtu wa Nairobi akinieleza juu ya faili. Akaona kivuli kirefu kilichobeba kitu bapa kwapani. Alidhani ni panga. Tochi ilikuwa kwenye droo ya kabati, simu yake ilikuwa sebuleni, yaani nyuma yangu.

"Ningekuwa na ile leza," akaanza, kisha akanyamaza mwenyewe.

Nilimaliza sentensi hiyo kichwani mara nyingi wiki iliyofuata. Angekuwa na leza, angejua kwa uhakika mkubwa ni wapi kifuani mwangu risasi ingeingia. Asingejua ni kifua cha nani. Jedwali langu lote lilikuwa linajibu swali la pili. Hata Jeff Cooper, Mmarekani aliyefundisha watu bastola mpaka kufa kwake mwaka 2006, katika kanuni zake nne za usalama aliweka mojawapo kuhusu hilo tu: uijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mimi nilikuwa nimezisoma kanuni hizo, nikazipita, nikaenda kulinganisha nanomita.

Wiki mbili baadaye nilirudi na mfuko wa vitu kutoka Luthuli Avenue, tukafanya jaribio. Bastola ilifungiwa kwenye kasha na ufunguo akakaa nao Anti. Hii ilikuwa kazi ya mwanga peke yake. Mimi nilikuwa mwizi. Anti alirusha sarafu: ikitoka upande mmoja nabeba laptopu, upande mwingine nabeba ubao uliokatwa umbo la panga. Mjomba alisimama pale pale aliposimama usiku ule, na kazi yake ilikuwa kusema nimebeba nini. Mara 10 kwa kila kifaa, taa zote zimezimwa.

Kwa leza ya kufundishia, ile ya kuelekezea ubaoni, aliielekeza kifuani nami nikafumba macho. Alipata 6 kati ya 10. Sarafu yenyewe ingepata 5. Kwa tochi yake ya zamani ya balbu, alipata 8, na alichukua muda. Kwa tochi ndogo ya LED ya lumeni 500 alipata zote, na mara ya nne akasema, "Laptopu, na umevaa soksi mbili tofauti." Ilikuwa kweli.

Hapa niseme kidogo kuhusu namba za tochi, maana wauzaji wanacheza nazo. Lumeni ni mwanga wote unaotoka. Kandela ni jinsi ulivyokusanywa upande mmoja. Kipimo cha kawaida cha watengenezaji huhesabu umbali wa mwanga pale unapofifia hadi luksi 0.25, ambayo ni kama mbalamwezi, na hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2. Kandela 2,500 zinakupa mita 100. Kwa ukumbi wa mita 6 hiyo ni zaidi ya kutosha. Tulijaribu pia moja iliyoandikwa lumeni 3,000 (sikuamini maandishi yale, lakini ilikuwa kali). Kuta za Mjomba zimepakwa rangi nyeupe ya kung'aa, kutoka dukani kwake mwenyewe. Mwanga uligonga ukuta ukamrudia, akafumba macho yeye kabla yangu. Tuliitupa kwenye mfuko.

Mjomba akauliza swali zuri: kwa nini tusitafute taa ya kufunga kwenye bastola, hata ikibidi kununua nyingine yenye reli, ili mkono mmoja ubaki huru? Polisi wengi duniani wanazo. Jibu langu lilikuwa kwamba taa iliyofungwa kwenye bastola inaangaza pale bastola inapotazama. Ili aone uso wangu usiku ule ingebidi aninyooshee silaha yenye risasi. Tochi ya mkononi unaweza kumulika dari, sakafu, uso wa mtu, na bastola ibaki chini. Alifikiri. Akanyoosha mkono wa kushoto na tochi, akaushusha, akaunyoosha tena.

"Na kama ni mwizi kweli?"

"Basi utakuwa umemwona."

Hakusema nimeshinda. Mjomba hajawahi kusema hivyo kwa mtu yeyote.

Matokeo ya manunuzi, kwa wale wanaopenda orodha ya bei, yatawasikitisha. Tochi mbili za LED zenye swichi nyuma, moja upande wake wa kitanda, moja upande wa Anti, zimefungwa kwa kamba ili zisihame. Taa ya sola yenye kuhisi mtu juu ya mlango wa jikoni. Kengele ndogo ya shaba kwenye komeo, wazo la Anti, ambalo sikulifikiria mimi mwenye shahada. Kuhusu macho yake na kinundu cha mbele, nilikuwa nimesoma kwamba wapigaji wengi hukipaka tu rangi kali. Anti alitoa rangi yake ya kucha, ya machungwa iliyokolea. Mjomba alihakikisha bastola ni tupu, akaisafisha kwa kitambaa, akapaka matabaka mawili, akaiacha ikauke. Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza mpaka uwanja wa kulenga wa Kirigiti, Kiambu. Mimi nilikaa nyuma na vizibo masikioni. Alirudi na karatasi yake, matundu yamekusanyika vizuri kuliko alivyozoea, akaikunja mfukoni bila kusema kitu. Kwenye matatu ya kurudi aliitoa mara mbili kuiangalia.

Leza hatujanunua. Bado anaiulizia, hasa akiona filamu. Mimi nami sijaweza kurudi kulala kwake. Nimekwenda mara tatu tangu wakati huo, na kila mara nimepata sababu ya kuondoka na gari la saa kumi na mbili jioni. Jana Anti ameniandikia ujumbe: Ijumaa anapika pilau, kitanda kimetandikwa, nilete betri nne za tochi, na nikitaka kutoka usiku nitoke, ila nipige kengele na niseme jina langu kwa sauti.

Nimemjibu kwamba nitakuja. Kisikilizio nitakiacha Nairobi.